Mgeni wa Chumba Namba Nne

Kwetu Multan, mtu mwenye ndugu mjini halali nyumba ya wageni. Akilala huko, basi ama ameingiwa na wazimu ama amegombana na ukoo, na kabla chai ya asubuhi haijapoa mtaa mzima utakuwa umeshaamua ni lipi kati ya hayo mawili.

Taimur alilijua hilo kuliko mimi. Baba yake mdogo, Malik Sharafat, ana nyumba ya ghorofa mbili ndani ya mji wa kale, dakika kumi tu kwa riksha kutoka kwetu, yenye vyumba viwili vya wageni na kiyoyozi kwa kila kimoja. Lakini kila alipokuja kutoka Karachi kununua vigae vya buluu kwa ajili ya duka la baba yake, alishuka kwenye treni, akavuka barabara, akaja kulala kwetu, chumba namba nne, chini ya feni inayokohoa usiku kucha. Watu hupenda baridi. Yeye alipenda kitu kingine, na mimi nilikijua, maana nilikuwa nakaa nacho kwenye kaunta.

Mimi ndiye Sumbal. Nyumba ya wageni ni ya mama yangu, Bi Nasim, aliyeachiwa na marehemu baba pamoja na madeni, mzee Bakhshu wa mizigo, na sheria moja: mgeni ni amana. Amana haiguswi, haiulizwi mambo yake, haitazamwi mara mbili. Mama aliongeza sheria yake mwenyewe, nayo ilikuwa kali zaidi. Alisema posa na kitanda havikai nyumba moja. Binamu yetu kutoka kijijini aliishi kwetu mwaka mzima kama mtoto wa nyumbani, lakini siku aliyofungua mdomo kumposa dada yangu Tahira, godoro lake lilikuwa barabarani kabla hajamaliza sentensi. Walioana baada ya miezi mitatu na sasa wana watoto wawili, lakini binamu mpaka leo akipita mlangoni kwetu hupatazama pale lilipotupwa godoro lake kwa jicho baya.

Mimi na Taimur tulianza kwa nauli ya riksha.

"Dada, kutoka hapa mpaka kwa wachora vigae ni... ni rupia ngapi?" aliniuliza siku ya kwanza, amesimama mbele ya kaunta na vumbi la treni kwenye kope. Alikuwa amechanganyikiwa kiasi kwamba hata fedha ya nchi yake ilimpotea mdomoni.

"Ukiuliza kwa lafudhi hiyo ya Karachi, mia tano. Ukipanda kimya kama mwenyeji, mia mbili."

"Na nitajuaje njia, nikiwa kimya?"

Nikachana jani la kalenda ya mama, la mwezi uliokwisha, nikamchorea nyuma yake. Shuka hapa kwenye msikiti wenye mnara mmoja. Usinunue maji kwa yule mwenye miwani. Dengu na mkate wa tanuri kula kwa Haji aliye karibu na kisima, lakini kabla ya saa nne, baadaye anazimua kwa maji. Chini kabisa nikaandika, "Usichelewe kurudi," kwa sababu mama hufunga geti mapema. Siku ile ilikuwa habari ya geti. Safari ya tatu haikuwa tena habari ya geti, na wote wawili tulijua, na hakuna aliyesema.

Hatukuwahi kushikana mkono. Tulichoibiana ni macho tu, na ufunguo wa chumba namba nne, ambao nilikuwa nauweka juu ya kaunta polepole kuliko funguo za wageni wengine.

Jana jioni alipofika kwa safari hii ya tano, nilimsogezea daftari la wageni, lile ambalo polisi huja kulikagua. Akajaza jina, jina la baba, namba ya kitambulisho, atokako. Kwenye "sababu ya kuja" siku zote huandika "biashara". Jana kalamu ilisimama.

"Mbona huandiki?"

"Nikiandika ukweli, mama yako atanitoa nje."

"Basi andika uongo, kama kawaida yako."

"Nimeuchoka, Sumbal." Ilikuwa mara ya kwanza kunitaja kwa jina bila kutanguliza dada, na masikio yangu yalipata moto. "Baba mdogo ameshapanga. Ijumaa hii anataka kunilisha halua mbele ya watu, mimi na binti yake Anila. Nimemwambia mama yangu kila kitu. Amesema yuko tayari kupanda treni, ila kwanza nijue kama huku mlango utafunguliwa. Kesho baada ya kifungua kinywa nitazungumza na mama yako."

"Akikataa?"

"Nitalala barabarani kama godoro la shemeji yako."

Nilicheka, lakini usiku sikupata usingizi. Kwetu posa haifungwi kwa kalamu. Inafungwa kwa kitu kitamu. Mzee akikutia kipande cha halua mdomoni mbele ya mashahidi, ukameza, umekubali, na hakuna kadhi wa kukutapisha.

Sasa sikilizeni yaliyotokea asubuhi.

Wageni walikuwa ukumbini wanakula puri, ile mikate ya kukaanga, na dengu. Taimur alikaa meza ya karibu na kaunta, amenyoa ndevu, amevaa kanzu safi ya rangi ya maziwa, anakata puri vipande vidogo na havili. Mama alikuwa jikoni. Ndipo mlangoni akatokea Malik Sharafat, nguo nyeupe zimetiwa wanga mpaka zinalia akitembea, nyuma yake wazee wawili wa msikitini kwake, na kwapani kopo la halua ya sohan, lile kubwa la kilo mbili.

Wazee wawili na kopo, Jumatano. Ijumaa ilikuwa imewahi kufika.

"Mwanangu," alisema kwa sauti ya kusikika mpaka stesheni. "Damu yangu inalala hapa na vitanda vyangu vina vumbi. Nimekukosea nini?"

Taimur alisimama, akamwamkia kwa adabu. "Hujanikosea, Baba Mdogo."

"Kama sijakukosea, mdomo wazi." Kifuniko kiliruka, na kipande cha halua kikubwa kama sabuni kikawa tayari mkononi. "Wazee hawa wametoka mbali. Anila anasubiri. Fungua."

Taimur akajiziba mdomo kwa kiganja. "Baba Mdogo, tuzungumze kwanza," alisema nyuma ya vidole.

"Tutazungumza ukishameza."

"Nikishameza kutakuwa na la kuzungumza?"

"Hakutakuwa. Ndiyo uzuri wake."

Mgeni mmoja wa chumba namba saba, muuza mbegu, alipaliwa na chai. Mimi sikuona cha kuchekesha. Kila Taimur alipotoa mkono ajibu, halua ilisogea, na kila alipoziba mdomo tena, wazee wale wawili walitingisha vichwa kumsikitikia kijana asiyejua heri yake. Mwisho alikishika kile kipande kwa vidole viwili, akakirudisha kwenye kopo taratibu, kama mtu anavyomrudisha kifaranga kwa mama yake.

"Sili, Baba Mdogo. Nisamehe. Anila ni dada yangu, nimekula naye sahani moja tukiwa watoto. Simwoi."

Malik Sharafat alifunga kopo. Hakuwa amekasirika bado. Watu wa aina yake huwa wana mpango wa pili.

"Bakhshu," akaita, kama nyumba ni yake. "Leta sanduku la mwanangu. Anahamia kwa baba yake."

Na Bakhshu, ambaye miaka thelathini amezoea kutii kila mwenye nguo za wanga, akaenda akalileta.

Nilitoka nyuma ya kaunta nikasimama mlangoni. "Samahani, Malik Sahibu. Hapa mzigo hautoki mpaka mwenyewe atie saini ya kuondoka. Ni utaratibu wa polisi."

"Binti, sogea. Hili ni jambo la ukoo."

"Sanduku si la ukoo. Ni la chumba namba nne."

Alinitazama kwa mara ya kwanza, juu mpaka chini, kisha akamtazama Taimur, kisha akanirudia mimi. Hakuwa mjinga. Akainama kwenye sanduku. Kwenye mfuko wa nje karatasi ilikuwa imechomoza, jani la kalenda, upande mmoja mwezi wa tatu, upande mwingine mwandiko wangu.

"Panda riksha upande wa kushoto wa stesheni," akasoma kwa sauti ya kughani, na wazee wakasogea kusikia. "Usimkubalie mwenye kofia nyekundu, atakuzungusha. Kwenye duka la maziwa omba mtindi wa lasi usio na barafu, tumbo lako la Karachi halijazoea." Akainua nyusi. "Tumbo lako la Karachi. Hm. Usichelewe kurudi." Akakunja karatasi. "Nina miaka arobaini katika mji huu, na mtoto wa kaka yangu anaonyeshwa mji na karatasi. Nani kaandika?"

Taimur alinitazama. Ilikuwa nukta moja tu, lakini niliona kila kitu humo, hofu yake kwa ajili yangu na upendo wake wote. Kisha akageuza macho akasema, "Rafiki. Rafiki yangu mmoja wa hapa. Mwanamume. Mfanyabiashara."

Niseme kweli, angenizaba kofi isingeniuma vile. Nilijua ananikinga. Msichana wa Multan aliyemwandikia mwanamume barua, hata ya nauli ya riksha, jina lake hutembea kwa miguu minne. Lakini mwaka mmoja na nusu nilikuwa nimefichwa na kaunta, na daftari, na neno dada, na sasa nageuzwa kuwa mfanyabiashara mwenye masharubu. Sikutaka kufichwa tena, hata kwa wema.

"Mwongo," nikasema.

"Sumbal," akasema Taimur kwa sauti ya chini. "Niachie mimi."

"Nikuachie uniue vizuri? Ni mwandiko wangu, Malik Sahibu. Huyo mwenye kofia nyekundu nimemwandika mimi, na hilo tumbo la Karachi nimelitaja mimi. Ziko nyingine. Kama unataka kusoma, kaa kitako, nikuletee chai."

Muuza mbegu akaweka kikombe chini bila kelele.

"Ahaa." Malik Sharafat alitabasamu kwa wazee wake. "Mnaona? Ndiyo maana hataki kiyoyozi. Gesti zote ni moja, jamani. Chumba wanakukodisha, na binti anakuja na ufunguo."

Taimur akapiga hatua. "Baba Mdogo, hilo neno lirudishe."

"Nilirudishe wapi? Kweli haina pa kurudi."

"Lirudishe, ama sitakuita tena baba."

"Usiniite. Mwite mwenye gesti."

"Ameshaitwa," ikasema sauti ya mama.

Alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni, unga mpaka kwenye viwiko, mtandio umefungwa kiunoni. Sijui alikuwa hapo tangu lini. Mama hana umbo kubwa, lakini akisimama mlangoni mlango huonekana mdogo. Alipita katikati ya meza, akanyoosha mkono, na Malik Sharafat akampa ile karatasi bila kuombwa. Mama aliisoma polepole mpaka mwisho, akaigeuza akautazama mwezi wa tatu.

"Ziko ngapi?" akamuuliza Taimur.

"Kumi na moja, Mama."

"Kumi na moja. Mimi nimekwenda kumgombeza muuza kalenda kwamba ananipunja majani." Akanigeukia mimi. Nilitamani anitukane. Mama akitukana, jambo limekwisha. Akinyamaza, bado. "Amekugusa?"

"Hapana, Mama."

"Wewe umempenda?"

Mbele ya wazee wa msikiti, mbele ya wageni na dengu zao. Baba angekuwa hai ningekufa kwa haya. Niliinua uso. "Nimempenda. Na sitaolewa na mwingine, hata ukinifungia jikoni mpaka mvi."

Mama akaenda kwenye kaunta, akafungua daftari la wageni, akapitisha kidole chenye unga kwenye mstari wa jana. "Chumba namba nne. Sababu ya kuja mbona tupu?"

"Nilitaka kuijaza mbele yako," akasema Taimur.

"Niko mbele yako."

Akachukua kalamu. Wote tuliona, hata wazee wale walinyoosha shingo. Aliandika neno moja. Kuposa.

Mama akalisoma, akafunga daftari. "Bakhshu. Litoe sanduku la kijana huyu nje."

Nilisikia muuza mbegu akisema "lahaula" kwa sauti ndogo. Nilisahau kila kitu nilichowahi kukiona katika nyumba ile, nikabaki naona sanduku tu, likipita kizingitini mkononi mwa Bakhshu, na pamoja nalo maisha yangu.

"Mama, usimtoe," nikasema. "Ukimtoa nami nitatoka."

"Nyamaza wewe."

Malik Sharafat alikuwa ameshapata pumzi. "Umeona, mwanangu? Hata hawa hawakutaki. Bakhshu, weka kwenye gari langu, lile jeupe."

"Sikusema liwekwe kwenye gari," akasema mama. "Nimesema nje. Liweke barabarani, Bakhshu. Pale pale lilipowekwa godoro."

Bakhshu akasimama katikati ya mlango, akamtazama mama, na taratibu kinywa chake kisicho na meno kikaanza kucheka. Mzee yule ndiye aliyelibeba lile godoro. Alielewa kabla yangu.

"Malik Sahibu," mama akaendelea, "mgeni nyumbani kwangu hulala. Ukimtukana nitakuvumilia, kwa sababu nawe umeingia kama mgeni. Lakini aliyekuja kuposa halali kwangu hata usiku mmoja, maana binti yangu si ufunguo. Umesema gesti zote ni moja. Hii umeiona ilivyo."

"Atalala wapi? Kwangu kuanzia leo hana kitanda!"

"Treni ya Karachi inaondoka saa nane mchana. Haihitaji kitanda."

"Nitampigia kaka yangu. Duka ni la baba yake. Atakula vigae."

"Mpigie," akasema Taimur. "Mama yangu ameshamwambia. Alipiga kelele siku mbili, siku ya tatu akauliza kama huku wanapika nyama vizuri."

"Na halua yako ifunike vizuri, nzi ni wengi," mama akamwambia Malik Sharafat, na safari hii sauti yake ilikuwa na upole kidogo. "Mpelekee Anila nyumbani. Umemuuliza yeye kama anamtaka huyu?"

Malik Sharafat alitazama kopo lake kama ndiyo kwanza analiona. Kisha akageuka, wanga ukalia, na wazee wawili wakamfuata, mmoja wao akichungulia nyuma kwenye sinia la puri alilokosa.

Nilibaki nimeshika ukingo wa kaunta. Taimur alikuwa karibu na mlango, upande wa ndani, hajui kama aende au akae, macho yake kwangu. Hakuyaiba safari hii. Alinitazama wazi, ukumbi mzima ukiona, na mimi nikamtazama vilevile mpaka machozi yakanitoka.

"Umeniita mwongo mbele ya watu," akasema.

"Ukinifanya tena mfanyabiashara nitakuita vibaya zaidi."

"Mtagombana mkishaoana," akasema mama. "Sumbal, mpe atie saini ya kuondoka."

Nikafungua daftari. Chozi langu moja lilidondokea kwenye namba ya kitambulisho, polisi watanisamehe. "Uendako?" nikamuuliza, kama ninavyowauliza wote.

"Karachi. Kumchukua mama."

Nikaandika. Alipotaka kupokea kalamu atie saini, mama aliweka kiganja juu ya ukurasa.

"Hii iwe ya mwisho. Utakaporudi na mama yako, yeye nitampa chumba changu. Wewe utalala msikitini, au kwa muuza mbegu, au unapopajua. Lakini humu jina lako lisiandikwe tena. Wageni ndio huandikwa. Mkwe haandikwi kwenye daftari la polisi."

Taimur akainama, akagusa miguu ya mama kwa vidole. Mama akamwekea mkono kichwani, akamwachia unga kwenye nywele, kisha akachukua lile jani la kalenda, akalikunja mara nne, akalitia kwenye mfuko wa kanzu ya Taimur.

"Mstari wa mwisho umeusoma?"

"Nimeusoma, Mama."

"Basi," akasema mama, akarudi jikoni.